Hesabuni miezi, si vichwa tu

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia kuandaa mishahara katika kiwanda cha maboksi ya karatasi. Anayekaa kwenye meza ile huuona mdororo wa uchumi kabla haujatangazwa kwenye taarifa ya habari. Karibu kila kinachouzwa hupita ndani ya boksi, kwa hiyo watu wakianza kupunguza manunuzi, oda za maboksi huwa miongoni mwa vitu vya mwanzo kupungua. Kwanza safu ya saa za ziada inajaa sifuri. Kisha vibarua wa siku hawaitwi tena. Majina yao hayafutwi, hayaandikwi tu. Baadaye mikataba ya miezi sita inafika mwisho na hakuna anayeletewa mpya asaini. Barua za kupunguzwa kazi huja mwisho kabisa, na hapo ndipo wakubwa huanza kuhesabu waliopoteza ajira, wakati wengi wameshatoka bila kupewa barua yoyote.

Kila uchumi unapoyumba nasikia swali lile lile likiulizwa: wangapi hawana kazi? Ni swali la lazima, lakini miaka ile ya mishahara imenifanya niamini kwamba lipo jingine linalopaswa kulitangulia: wamekaa bila kazi kwa muda gani? Mtu aliyepoteza kazi akapata nyingine baada ya wiki sita ameyumba, akasimama. Aliyekaa mwaka na nusu amekula akiba yake yote, amekopa, ameuza vitu, na waajiri wameanza kumtazama kwa jicho la shaka. Kwenye takwimu ya mwezi hawa wawili wanahesabiwa sawasawa. Sera inayotazama idadi peke yake itawatibu kwa dawa moja, na yule wa pili ndiye atakayeachwa.

Mdororo ulipotufikia, mjumbe wetu wa chama cha wafanyakazi alikuja ofisini kwangu na pendekezo. Badala ya kuwaondoa watu, kila mmoja afanye kazi siku nne kwa wiki badala ya tano. Akaniomba nimpigie hesabu, nikampigia. Gharama ya mishahara ingeshuka kwa moja ya tano, kiasi kinachokaribiana sana na kile ambacho uongozi ulitaka kuokoa kwa kupunguza watu. Kikwazo kilikuwa kimoja tu, lakini kizito. Mtu wa mshahara wa chini hawezi kupoteza moja ya tano ya kipato chake akaendelea kuishi, kwa sababu mwenye nyumba hapunguzi kodi kwa moja ya tano. Laiti kungekuwa na mfuko wa kuziba hata nusu ya pengo hilo, naamini wafanyakazi wangekubali na uongozi ungekubali. Mfuko haukuwepo. Orodha ikaandikwa, na kama ilivyo kawaida, walioingia mwisho ndio waliotolewa kwanza. Wengi wao walikuwa vijana.

Oda zilirudi, kama zinavyorudi hatimaye. Tulipotangaza nafasi, wale waendesha mashine ya kukata na kukunja hawakuwepo tena. Mmoja alikuwa amehama, mwingine ameingia kwenye shughuli nyingine kabisa, wengine simu zao hazipatikani. Walioajiriwa wapya walikuwa watu wazuri na wenye bidii, lakini ile mashine ina tabia zake. Yule wa zamani alikuwa akisikia kwa sikio tu kwamba kisu kimeanza kuwa butu, akasimamisha mashine kabla karatasi haijachanika. Kwa miezi kadhaa niliona gharama ya karatasi iliyoharibika ikipanda kwenye vitabu vyangu. Hakuna mahali popote nilipotakiwa kuandika kwamba hasara ile ilitokana na uamuzi wa kuwaondoa watu. Mahesabu ya kampuni yanaonyesha mshahara uliookolewa. Ujuzi uliopotea hayaoni.

Ndiyo maana nilipoanza kusoma jinsi nchi nyingine zilivyopita kwenye midororo, mpango wa Ujerumani unaoitwa Kurzarbeit ulinishika kuliko mingine yote. Ni lile pendekezo la mjumbe wetu, ila likiwa na sheria na fedha nyuma yake. Kampuni iliyopungukiwa oda inapunguza saa za kazi na kutoa taarifa kwa wakala wa ajira wa serikali. Kwa saa ambazo mfanyakazi hakufanya, analipwa asilimia 60 ya mshahara wa baada ya makato alioukosa, au asilimia 67 akiwa na mtoto. Anabaki mfanyakazi wa kampuni ile ile, na oda zikirudi anaongeza saa.

Mwaka 2009 pato la taifa la Ujerumani lilishuka kwa zaidi ya asilimia 5. Ni pigo kubwa mno. Mpango huo ulipofika kilele mwaka huo ulikuwa umewabeba wafanyakazi wapatao milioni 1.5, na kiwango cha wasio na ajira kilipanda kidogo sana. Marekani, ambako uchumi ulisinyaa kwa kiasi kidogo kuliko Ujerumani, kiwango hicho kilitoka asilimia 5 Desemba 2007 hadi asilimia 10 Oktoba 2009. Sisemi Kurzarbeit ndiyo sababu pekee. Viwanda vingi vya Ujerumani vilikuwa na akaunti za muda, ambamo mfanyakazi huweka akiba ya saa za ziada wakati wa oda nyingi na kuzitumia wakati wa uhaba. Tena waajiri walikuwa wametoka kuhangaika kutafuta mafundi, hawakutaka kuwaachia. Lakini hata hayo yanasema jambo lile lile: palikuwa na njia ya kupunguza kazi bila kumpunguza mtu.

Mfano unaonigusa zaidi ni Hispania, kwa sababu ni nchi moja iliyopita njia mbili tofauti. Kabla ya mtikisiko wa mwaka 2008, karibu theluthi moja ya waajiriwa wake walikuwa kwenye mikataba ya muda. Mwajiri aliyebanwa hakuhitaji kumfukuza mtu. Alisubiri mkataba uishe. Kiwango cha wasio na ajira kilikuwa karibu asilimia 8 mwaka 2007. Mwanzoni mwa 2013 kilifika takriban asilimia 27, na miongoni mwa vijana kilivuka nusu. Nikisoma habari hizo naiona ile mikataba yetu ya miezi sita, na ule ukimya wa kutoletewa mpya. Halafu likaja janga la korona mwaka 2020. Safari hii Hispania iliutumia kwa nguvu mpango wake wa kusimamisha ajira kwa muda, unaoitwa ERTE. Zaidi ya watu milioni 3 waliingizwa humo ndani ya wiki chache, wakilipwa na mfuko wa bima ya kukosa kazi huku ajira zao zikiwangoja. Uchumi ulianguka kwa zaidi ya asilimia 10 mwaka huo, lakini kiwango cha wasio na ajira kilipanda hadi kama asilimia 16 tu kisha kikaanza kurudi chini. Midororo hiyo haikuwa ya aina moja, najua. Mmoja ulitokana na madeni na majengo, mwingine na kufungwa kwa shughuli. Hata hivyo watu wa nchi ile wameona kwa macho yao kwamba kumwagwa mtaani si amri ya maumbile.

Wapo wanaopinga mipango ya aina hii, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema serikali ikilipa watu wabaki kwenye kampuni zisizo na maisha, inawazuia kwenda kwenye kampuni zinazokua. Ni kweli kwamba kuna viwanda ambavyo mdororo unavimalizia tu, vilikuwa vinakufa. Jibu langu ni kwamba mpango uwe na ukomo wa miezi unaojulikana tangu mwanzo, na mwajiri naye achangie sehemu ya gharama, kwa sababu mwajiri asiyeona mbele hatakubali kuchangia. Saa zilizopunguzwa zitumike kumfundisha mtu jambo jipya. Lakini katikati ya dhoruba hakuna anayejua kwa hakika kampuni ipi itakufa na ipi itapona. Meneja wetu mwenyewe hakujua. Kati ya kumbakiza mtu miezi michache kwenye kazi itakayokufa na kumkata mtu kwenye kazi itakayorudi, kosa la pili ndilo linalogharimu zaidi, na anayelilipia ni mtu mwenye uwezo mdogo wa kulilipia.

Kwa nini miezi ina uzito kiasi hiki? Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanywa Marekani ambapo watafiti walituma maombi ya kazi ya kubuni kama 12,000 kwa waajiri wa kweli. Wasifu zililingana kwa ubora. Kilichobadilishwa ni muda ambao mwombaji amekaa bila kazi. Kadiri muda ulivyorefuka ndivyo simu za kuitwa kwenye usaili zilivyopungua, na sehemu kubwa ya mporomoko huo ilitokea ndani ya miezi minane ya mwanzo. Mtu yule yule, elimu ile ile, ila amekaa. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba adhabu hiyo ilikuwa kali zaidi katika maeneo ambako soko la ajira ni zuri. Nilipolitafakari nikaliona lina mantiki. Wakati kila mtu hana kazi, mwajiri hakushangai. Mambo yakitengemaa anaanza kujiuliza: huyu mbona bado? Kwa hiyo sehemu ya madhara ya mdororo inajificha, na inamtokea mtu pale ambapo wengine wote wanasherehekea kwamba uchumi umepona.

Na kuna lile linalotokea ndani ya mtu. Miaka ya mwanzo ya 1930 kundi la watafiti vijana kutoka Vienna, Marie Jahoda akiwa mmoja wao, walikwenda Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake cha nguo kilikuwa kimefungwa na kuacha karibu kijiji kizima bila kazi. Wengi walitarajia kwamba watu wenye muda mwingi namna ile wangeutumia: wangesoma, wangejadili siasa, wangepanga maandamano. Kilichoonekana ni kinyume chake. Vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua sana ingawa ada ilikuwa imeondolewa. Watafiti walipima hata mwendo wa watu barabarani, wakaona wanaume wanatembea polepole na kusimama simama. Walipoulizwa wamefanya nini tangu asubuhi, wengi walishindwa kueleza. Wanawake, ambao nyumba na watoto viliendelea kuwadai muda wao, mwendo wao haukulegea vile.

Habari hiyo inanigusa kwa sababu nimewahi kuwaona watu waliopunguzwa wakirudi kufuatilia mafao yao. Mwezi wa kwanza wanakuja asubuhi, wamevaa vizuri, na bahasha imejaa nakala. Miezi ikipita wanakuja saa yoyote. Baadaye hawaji tena, hata kama bado kuna fedha zao ndogo hazijachukuliwa, na mimi nabaki na jina kwenye faili nikijiuliza nani anayo namba yake mpya. Hakuna takwimu ya serikali inayomwonyesha mtu huyo vizuri. Kwa kipimo kinachotumika duniani, asiye na ajira ni yule asiye na kazi, aliye tayari kufanya kazi, na anayeitafuta. Akichoka kutafuta anatoka kwenye hesabu, na kiwango cha wasio na ajira kinashuka kana kwamba amepata kazi.

Hayo yote ni ya mtu aliyekuwa na mkataba. Nimewataja vibarua wa siku ambao majina yao yaliacha tu kuandikwa, na hapa ndipo mipango mizuri ya Ulaya inapofika ukingoni. Shirika la Kazi Duniani linakadiria kwamba watu wapatao bilioni 2, karibu asilimia 60 ya wafanyakazi wote duniani, wako kwenye ajira isiyo rasmi. Huwezi kumpunguzia saa mtu ambaye saa zake hazikuandikwa popote. Huwezi kumlipa kutoka kwenye mfuko ambao hakuna mwajiri aliyemchangia. Mtu huyu akikosa kazi leo, kesho hana kitu, na kwa kuwa hawezi kukaa bure, ataingia kwenye shughuli yoyote, kwa malipo yoyote, hata ile inayomuumiza. Kwenye nchi ambazo watu wa namna hii ndio wengi, mdororo unaweza kupita bila kiwango cha wasio na ajira kupanda sana. Kinachoshuka ni kipato, na watu wanazidi kugombania kazi ile ile ndogo.

Kwa watu hawa dawa ya kwanza ni fedha taslimu, na ifike haraka. Nasema haraka kwa sababu najua jinsi fomu zinavyosafiri. Aprili 2020 Togo ilianzisha mpango unaoitwa Novissi kwa wafanyakazi wa sekta isiyo rasmi waliozuiwa na masharti ya janga. Serikali haikuwa na orodha ya wafanyakazi hao. Ikatumia daftari la wapiga kura, ambamo mtu alikuwa ameandikwa pamoja na shughuli yake. Mtu alijisajili kwa simu, hata simu ya kawaida isiyo na intaneti, na akikubaliwa fedha ziliingia kwenye akaunti yake ya simu. Wanawake walipewa zaidi kidogo: faranga 12,250 kwa mwezi, wanaume 10,500. Kiasi hicho si kikubwa, na daftari la wapiga kura lina mapengo yake, lakini fedha ilitoka ndani ya siku chache, si baada ya robo ya mwaka. Kwa mtu anayekula anachopata leo, msaada mdogo wa wiki hii una thamani kuliko mkubwa wa mwaka ujao. Wahenga walishasema ngoja ngoja huumiza matumbo.

Dawa ya pili ni kazi yenyewe. Wengi wakisikia kazi za umma wakati wa mdororo wanafikiria madaraja na mabwawa, miradi inayohitaji upembuzi, zabuni na wakandarasi, ambayo shoka la kwanza linaanguka wakati mdororo umeshapita. Sipingi madaraja. Lakini kuna njia ya kasi. Novemba 1933 serikali ya Marekani, chini ya usimamizi wa Harry Hopkins, ilianzisha chombo cha kazi za majira ya baridi kilichoitwa Civil Works Administration. Kufikia katikati ya Januari 1934 kilikuwa kimeajiri zaidi ya watu milioni 4. Ni kama miezi miwili tu. Walikarabati barabara, shule na viwanja, kazi zisizohitaji mitambo mikubwa wala michoro ya mwaka mzima. Kilifungwa majira ya kuchipua yalipoingia, mapema mno kwa maoni yangu, lakini kimeacha ushahidi kwamba polepole ya serikali si lazima.

Argentina nayo, ilipoporomoka na kiwango cha wasio na ajira kuvuka asilimia 20 mwaka 2002, ilianzisha mpango wa wakuu wa kaya wasio na kazi. Kwa malipo ya peso 150 kwa mwezi mtu alitakiwa kufanya kazi za jamii, masomo au mafunzo kwa saa zisizopungua 20 kwa wiki. Mwaka uliofuata walikuwa takriban milioni 2, na wengi wao walikuwa wanawake, jambo ambalo waliobuni mpango hawakulitegemea sana. Waliojitokeza ni watu ambao takwimu zilikuwa zikiwaita wasiofanya kazi kwa sababu wako nyumbani.

Ninachokipenda zaidi, hata hivyo, ni sheria inayokaa tayari kabla ya shida. Sheria ya India ya mwaka 2005 iliipa kila kaya ya kijijini haki ya siku 100 za kazi kwa mwaka. Mtu akiomba kazi, na serikali ikashindwa kumpa ndani ya siku 15, alistahili posho. Utekelezaji ulikuwa na malalamiko mengi, hasa ya malipo kuchelewa. Lakini watu walipofurika kutoka mijini kurudi vijijini mwaka 2020, hawakulazimika kusubiri bunge likae kutunga kitu kipya. Siku 15 zilikuwa zimeandikwa kwenye sheria. Hizo ndizo tarakimu ninazozitafuta kwenye sera ya ajira: muda, na kinachotokea muda ukipita.

Kuhusu mafunzo nitasema machache, kwa sababu ndiyo ahadi rahisi kuliko zote na kila hotuba inayo. Mafunzo yanasaidia, lakini matunda yake huonekana baada ya miaka miwili au mitatu, na mdororo ni wakati mzuri wa kufundisha kwa kuwa mtu haachi kazi nyingine ili asome. Ila kumfundisha mtu kuandika wasifu vizuri, wakati nafasi ni chache na waombaji ni lundo, kunaweza kumsogeza tu mbele ya mwenzake. Utafiti mmoja mkubwa wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia vijana wasomi waliosaidiwa kutafuta kazi, ukaona kwamba sehemu ya mafanikio yao ilitokana na kuwapiku wenzao ambao hawakusaidiwa, hasa pale soko lilipokuwa baya. Foleni imepangwa upya, urefu wake ni ule ule. Ndiyo maana fedha ya kuongeza nafasi zenyewe iende kwanza.

Vijana wanaomaliza masomo katikati ya mdororo wananiumiza roho kwa namna ya pekee, kwa sababu wanaadhibiwa kwa mwaka wao wa kuzaliwa. Kanada walipowafuatilia wahitimu wa vyuo, waliona kwamba aliyeingia sokoni wakati mbaya alianza na kipato pungufu kwa karibu asilimia 9, na pengo lilichukua kama miaka 10 kuzibika. Japani, ambako kampuni huajiri kwa mkupuo mara moja kwa mwaka moja kwa moja kutoka vyuoni, hali ilikuwa mbaya zaidi. Waliokosa nafasi kati ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 wengi walibaki kwenye kazi za muda kwa miaka mingi. Mwaka 2019 serikali yao ilitangaza mpango wa miaka mitatu wa kuwasaidia kupata ajira za kudumu. Wakati huo walikuwa wameshafika umri wa miaka 30 na 40 na kitu. Msaada ule ule ungewakuta na miaka 23, ungegharimu kidogo na kuokoa mengi. Kwa hiyo ruzuku ya mshahara kwa ajira mpya, kama bajeti ni finyu, ningeielekeza kwa kijana wa kazi ya kwanza na kwa aliyepitisha miezi sita bila kazi, kabla ya mwingine yeyote.

Kosa kubwa la mwisho ni haraka ya aina nyingine, ile ya kufunga milango ya misaada. Ajira hupona nyuma ya uchumi. Marekani mdororo ulitangazwa kwamba ulikwisha Juni 2009, lakini kilele cha wasio na ajira kilifika Oktoba. Mwaka 2010 zaidi ya asilimia 40 ya wasio na kazi walikuwa wameshapitisha nusu mwaka, na kile kiwango cha asilimia 5 hakikuonekana tena hadi 2015. Lakini Juni 2010, kwenye mkutano wa Toronto, nchi tajiri za kundi la G20 ziliahidi kupunguza nakisi za bajeti zao kwa nusu ifikapo 2013. Mwaka huo wa 2013 nchi zinazotumia yuro zilikuwa na kiwango cha wasio na ajira cha asilimia 12. Waliokuwa karibu kuitwa kazini walikatiwa msaada wakiwa mlangoni. Mwaka mmoja kabla ya Toronto, Juni 2009, serikali, waajiri na wafanyakazi walikuwa wamekubaliana Geneva, kwenye mkutano wa Shirika la Kazi Duniani, juu ya Mkataba wa Ajira wa Dunia ulioweka ajira na hifadhi ya jamii katikati ya njia ya kupona. Wino wake haukuwa umekauka vizuri.

Ninachokiomba kifanyike kiandaliwe wakati wa neema, kwa kuwa wakati wa shida hakuna anayepata nafasi ya kujenga. Mfuko wa kuziba mishahara ya saa zilizopunguzwa uchangiwe oda zikiwa nyingi. Daftari la wafanyakazi wasio na mikataba liandikwe sasa, likiwa na namba za simu zinazofanya kazi. Kila wilaya iwe na orodha ya kazi ndogo za umma zinazoweza kuanza mwezi ujao. Na sheria iseme kwamba idadi ya waliokaa bila kazi zaidi ya miezi sita ikifika kiwango fulani, fedha inafunguka yenyewe, na haifungwi hadi idadi hiyo iwe imeshuka, hata kama uchumi umeshaanza kukua na waziri wa fedha ana haraka.

Taarifa ya hali ya ajira ikitoka, ukipata nafasi usiishie kwenye asilimia iliyo ukurasa wa mbele. Tafuta jedwali linaloonyesha watu wamekaa bila kazi kwa muda gani: chini ya miezi mitatu, mitatu hadi sita, sita hadi kumi na miwili, zaidi ya mwaka. Mara nyingi liko nyuma kabisa, pengine bila hata sentensi moja ya maelezo, na zipo nchi ambazo halitolewi kabisa. Kama ni la nchi yako na halipo, andika barua kwa ofisi ya takwimu na kwa mbunge wako, ulidai litolewe kila robo ya mwaka.